Sindano ya Tatu

Kunda, mwanangu wa ghorofani,
hii ni sindano ya tatu tangu Jumatatu.
Namba kumi na nne, mia tano moja kwa Mangi wa kona.
Sikudai. Nataka tu ujue zinavyokatika.

Asubuhi unafungua dirisha, king'ora kinapanda.
Kinapanda, kinapanda, kama cha mtu aliyeona moto Mbuyuni.
Siku ya kwanza nilitoka barazani, futi shingoni,
nikatazama barabara juu na chini.
Siku hizi hata mbwa wa mlinzi hageuzi sikio.

Kisha kioo kinavunjika. Kisha bunduki inakokiwa.
Kisha sauti nzito inatutajia jina lako
mara nne, kana kwamba kuna aliyebisha.
Kisha kimya,
tunabana pumzi, mimi na cherehani na mteja wa suruali,
halafu BUM.
Na kabla bumu lenyewe halijakaa kitako,
king'ora tena.

Lakini humo katikati, Kunda, kuna kitu.
Dakika ya pili hivi; nimeipima kwa pindo la shuka.
Ngoma inatulia, besi inatembea
kama mtu anayejua aendako,
na kinanda kidogo kinaifuata kwa mbali, hakiiti.
Hapo mguu wangu unaondoka peke yake.
Siikanyagi cherehani, yenyewe inanikanyaga.
Kitenge kinapita chini ya sindano kama maji ya mfongo,
yale ya kwetu Uru, yanayoshuka mgombani hadi mgombani
bila kumtangazia mtu kwamba yanashuka.
Binti wa vocha anatikisa bega na hana habari.
Mimi nimefika kwenye kona ya kwapa, mahali pabaya,
mkono unapinda wenyewe, uzi unakubali, na

ukakata.

Kimya chako kile. Cha kututega.
Mguu ulikwenda, wimbo haukuwepo,
sindano ikauma chuma.
Tak.

Kuna bwana harusi mmoja wa Kiboriloni
alitaka shati lenye vifungo kila mahali:
mgongoni, mikononi, kwenye kola mistari miwili.
Vinang'aa, fundi, alisema. Watu watageuka.
Nikamshonea. Pesa ni pesa.
Na kweli waligeuka.
Ila hakuweza kuegemea kiti,
na muziki ulipowaka alibaki ukutani
akigongana mwenyewe kwa mwenyewe
kama kabati la vyombo juu ya lori.

Sina ugomvi na vifungo. Ninavyo kopo zima.
Kimoja, pale shati linapofungwa,
kinatosha kumfanya mtu ajipapase kifua.
Lakini mtu havai vifungo, Kunda.
Anavaa kitambaa.

Jumatano ulishuka na jinzi ya kupunguza.
Nikakuuliza habari za king'ora, ukacheka kwa adabu:
"Mama Anaeli, bila kile watu hawatajua waruke lini."
Nikakupima kiuno, nikaandika thelathini na mbili.
Nani kakwambia wanataka kuruka?
Swali hilo lilinijia ukiwa umeshapanda ngazi,
ndiyo maana nakuandikia,
nyuma ya karatasi ya vipimo, na chaki.

Leo mchana nimeisikia ile dakika ya pili
ikaenda hadi ya nne.
Suruali mbili zimekwisha, sikuona zilivyokwisha.
Binti wa vocha amemrudishia mtu chenji ya ziada.
Halafu ukakiweka, kimoja, chembamba,
kikapanda taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Sijui bado.
Nimeinua mguu mapema, nikangoja.

Sindano ya nne ingali nzima.
Jinzi yako iko tayari.